Walipokata Mupundu, Wakapanda Mbono

Juzi nilimkuta kijana wa jirani akikata mti nje ya lupango lao, yaani ua wa nyumba yao, hapa mtaani Katuba. Nikamuuliza ni mti gani anaoukata. Akapangusa jasho, akautazama kama vile ndiyo kwanza anauona, akanijibu:

"Tantine, ni muti tu."

Muti tu! Nilirudi nyumbani na chai ikanishinda kunywa. Ndiyo sababu nimekaa kuwaandikia ninyi, vijana mliozaliwa Lubumbashi, mnaojua majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya hadi wale wanaokaa benchi, lakini mkiulizwa jina la mti uliowapa kivuli mkiwa wadogo mnabaki kutoa macho. Mimi nimestaafu. Sina mkubwa wa kumwogopa wala kazi ya kupoteza. Nitasema.

Kazi yangu ilikuwa animatrice. Maana yake ni kwamba Jumamosi asubuhi niliwakusanya watoto wa shule za mtaa, nikawapeleka kwenye pori lililo nyuma ya tanuru za matofali, nikawafundisha miti na majani: ule unaoliwa, ule unaotibu, ule unaoua. Chama chetu cha miti kilikuwa cha watu wa mtaa wenyewe. Hakikuwa na ofisi, kilikuwa na miguu. Na jambo moja kabla sijaendelea: mimi nilifundishwa kuandika Kiswahili cha kitabu, lakini watu nitakaowataja nitawaacha waseme walivyosema. Kiswahili cha Lubumbashi hakihitaji kuombewa msamaha.

Aliyeanzisha mambo haya ni Mwalimu Kalonji. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa Katuba, akawa mwalimu wa biolojia, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya kwenda kwenye matope. Hapo mwanzo alifundisha mimea kwa kitabu cha Kifaransa chenye picha za chêne na marronnier, miti ya Ulaya ambayo hakuna mtoto wa Katuba atakayeigusa labda apande ndege. Siku moja mwanafunzi akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii miti iko ku Likasi?" Darasa likacheka. Kalonji hakucheka. Alifunga kitabu, akatoka nje, akasimama uwanjani akitazama miti iliyokuwa mbele yake, akagundua kwamba hajui hata nusu ya majina yake.

Aliniambia baadaye: "Mama Kabwe, hii miaka yote minafundisha batoto miti ya bantu bengine. Sisi hatuna miti?"

Akaenda kumtafuta mtu wa kumfundisha yeye. Alimpata Mama Feza, aliyekuwa akiuza bowa, yaani uyoga, pembeni ya barabara ya Kasumbalesa. Mimi nilijiunga nao kwa sababu nilikuwa naotesha miche ya maua ya kuuza na nilidhani ninajua mimea. Kalonji alinipa majina ya kitabuni na sababu za mambo. Mama Feza alinipa pua na vidole.

Mama Feza hakukuruhusu kutazama jani kwanza. "Jani inadanganyaka," alisema. Na kweli. Njooni porini mwezi wa tisa, kabla ya mvua, mtaona miti ya miputu imetoa majani mapya mekundu kama matofali mabichi. Mgeni atasema mti unakufa, kumbe ndiyo unaamka. Alikufundisha ganda: kukwaruza kidogo kwa ukucha, kunusa, kuonja kwa ncha ya ulimi pale tu yeye alipokubali. Mti wa mulombwa ukiukwaruza unatoa maji mekundu kama damu. Watoto wa mara ya kwanza walikuwa wakipiga kelele, na mmoja alimwomba mti radhi.

Bowa ndiyo ilikuwa shule yake kubwa. Usikate uyoga juu ukaacha mguu ardhini. Ng'oa wote, uone unavyoanzia. Ule unaoua mara nyingi umevaa kama soksi chini, na aliyekata juu hataiona soksi hiyo mpaka watu wake waanze kulia. Tena alitufundisha kwamba tente, bowa ile kubwa mnayoipenda na bukari, ugali wetu, inatoka pale penye mizizi ya miputu na mitobo. Kata mti, choma makala, yaani mkaa, halafu mwaka unaofuata uulize kwa nini bowa imepanda bei sokoni. Mnauliza kila mwaka. Nami kila mwaka nataka kupiga mtu kofi.

Zikaja simu. Vijana wakaanza kuja porini wakipiga picha ya jani na kuiuliza simu jina. Siwakatazi. Lakini siku moja simu iliuangalia mupundu, mti wa nyumbani kabisa, ikasema ni mti wa matunda wa upande wa pili wa bahari. Kijana mwenye simu akaanza kubishana na Mama Feza, aliyekuwa amesimama hapo akila mapundu yenyewe. Kalonji alicheka mpaka akakaa chini na suruali yake nyeupe.

Sheria yetu ya kwanza, tuliyowaimbisha watoto kabla ya kuvuka tanuru za matofali, ilikuwa hii: usichokijua jina, usikitie kinywani. Mtoto aliyeivunja alibeba chupa za maji za wenzake hadi nyumbani. Nawaambia hili mapema kwa sababu ya jambo linalofuata, ambalo mpaka leo nikilitaja damu inanichemka.

Kwenye shule alikofundisha Kalonji palikuwa na mupundu mkubwa kwenye kona ya uwanja. Matunda yake yalipoanguka, uwanja mzima ulinukia, na watoto waliyaokota wakati wa mapumziko. Kwa mtoto aliyetoka nyumbani bila kula, ule mti ulikuwa mama wa pili. Mimi mwenyewe nilianzia pale kila darasa jipya. Hukuhitaji kuhubiri. Mtoto alikuwa tayari anaupenda mti. Kilichobaki ni kumwambia jina.

Basi ukaja mradi wa kupendezesha shule. Walikuja na fulana za rangi moja, bendera ya kitambaa, na mtu wa kupiga picha. Walimwambia Direkta wa shule kwamba mupundu unachafua uwanja, matunda yanaita nzi, mizizi inapasua simenti. Direkta akakubali. Wakaukata. Shina likageuka makala, na makala yakaondoka bila kujulikana yalikokwenda. Halafu, ili picha ziwe na kijani, wakazungushia uwanja mzima lupango la miti hai. Wakachagua mbono.

Mbono mnaujua, hata kama hamjui jina lake. Ni ule mmea wenye majani mapana na tunda la kijani kama yai dogo, ndani kuna mbegu nyeusi. Mbegu hizo hutoa mafuta ya kuwashia taa na ya kutengenezea sabuni. Unakua haraka, haudai maji, na mbuzi hauli. Hilo ndilo walilolisifia zaidi: mbuzi hauli. Fikirini kidogo hapo. Mmea ambao hata mbuzi anaukataa, wakauzungushia watoto.

Tulikwenda ofisini kwa Direkta, mimi na Kalonji. Kalonji alisema kwa heshima yote:

"Monsieur le Directeur, mbegu ya mbono ni sumu. Na mubaya zaidi, iko na utamu. Iko kama karanga."

Direkta alikuwa akipanga kalamu mezani. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikuwa mtu aliyechoka kuongoza shule isiyo na madirisha, na kwa mara ya kwanza watu walikuwa wamekuja kumpa kitu badala ya kumdai.

"Mwalimu, mutaambia batoto basikule. Njo kazi yenu, ao hapana?"

"Batoto walikuwa na muti ya kula pale pale," nikasema. "Muliikata."

"Mama Kabwe, ule muti ulikuwa ya bantu ba pori. Hapa ni mu ville."

Nilitoka mle kwa hasira. Kalonji alinishika mkono tusije tukaharibu zaidi. Jumamosi iliyofuata tuliwaonyesha mbono watoto wetu, tukawafunza jina, tukawafunza sheria. Lakini waliokuja porini walikuwa wachache kuliko wale waliobaki. Shule ilikuwa imejaa watoto ambao wazazi wao walisema matembezi ya miti ni kupoteza wakati, bora mtoto akae nyumbani arudie Kifaransa.

Mbono ukazaa wakati wa mvua. Na watoto, waliozoea kuokota matunda kwenye uwanja ule, wakaendelea kuokota.

Nilikuwa nyumbani naloweka maharage walipokuja kuniita niende hospitali ndogo ya mtaa. Niliingia nikakuta watoto wamelazwa wawili wawili kitandani, wanatapika, wanaharisha, macho yameingia ndani. Wa kwanza niliyemtambua alikuwa Bijou, binti wa Mama Ntumba, muuza vitenge wa sokoni. Bijou hakuwahi kuja porini na mimi hata siku moja. Mama yake alikuwa amekataa, tena mbele ya wateja.

Mama Ntumba aliponiona aliinuka kama aliyechomwa moto.

"Njo weye! Njo weye unafundisha batoto kukula majani! Mutoto wangu akikufa, utaniambia ni jina gani ya ule muti!"

Wanawake wengine wakanizunguka. Mmoja alinivuta kitambaa cha kichwa kikaanguka. Sikukiokota. Nilikuwa namtazama Bijou.

Aliyeniokoa ni muuguzi, kijana mtulivu aliyekuwa akihangaika na chupa za serum, yale maji ya mshipani. Alimwinamia Bijou, akamuuliza kwa upole: "Mulikula nini, chérie?"

Bijou akafungua macho. "Karanga."

"Karanga ya wapi?"

"Ya ku lupango ya masomo." Masomo kwetu ni shule.

Muuguzi akaingiza mkono mfukoni mwa sare ya Bijou, akatoa maganda na mbegu mbili nyeusi. Alizitambua hapo hapo. Alisema kwao, upande wa Kambove, bibi yake alizitumia kutengeneza sabuni na aliwachapa wajukuu waliozikaribia. Kwa kuwa ni mbono, alijua la kufanya: maji, maji na maji, na kuwaangalia moyo. Mama Ntumba alikuwa amesimama nyuma yake. Alisikia yote. Niliokota kitambaa changu nikakaa mlangoni hadi watoto walipoacha kutapika.

Wote walipona. Mungu ashukuriwe, na yule muuguzi pia.

Mngedhani mambo yaliisha hapo, sivyo? Kesho yake habari zilizozagaa Katuba zilikuwa kwamba watoto wamekula sumu kwa sababu ya chama cha miti. Direkta aliwaita wazazi mkutanoni. Darasa lilijaa hadi watu wakasimama kwenye madirisha yasiyo na vioo. Alisimama na tai yake, akasema kwa huzuni nzuri iliyopangwa:

"Bazazi, iko bantu balizoeza batoto wetu kukula bitu bya pori. Kuanzia leo, ile matembezi imekwisha. Na hakuna mutoto atagusa mumea yoyote hapa mu masomo."

Hakutaja lupango. Hakutaja mbono. Hakutaja kwamba tulikaa ofisini kwake tukamwambia kwa vinywa vyetu. Kalonji alisimama, uso umekuwa wa majivu, akaanza kueleza. Direkta akamkatiza kwamba mwalimu anayetaka kubaki na kazi anajua lini anyamaze. Nikasimama mimi.

"Mama Kabwe, weye hauko muzazi hapa," akasema. "Kaa, ao toka."

Sikukaa, wala sikutoka. Lakini kabla sijafungua kinywa, nilimwona Mama Ntumba akipenya katikati ya watu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alifika mbele, akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge, akatoa tunda la mbono. Akalipasua kwa meno ya funguo, akaweka mbegu tatu mezani mbele ya Direkta, moja moja.

"Kula," akasema.

"Mama Ntumba, tafazali..."

"Mutoto wangu hakuendaka ku pori. Mi mwenyewe nilimukataza. Alikula hii, hapa, ku lupango yako. Kama hii haina kitu, Direkta, kula. Sisi wote tunakuangalia."

Direkta alizitazama zile mbegu. Alizisogeza kidogo kwa kalamu, mbali na yeye, kama mtu anayesogeza mdudu. Ilikuwa inatosha. Chumba kizima kilimwona anavyozisogeza.

Mama Ntumba akageuka akatoka, na akina mama wote wakamfuata. Walifika kwenye lupango wakaanza kung'oa. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua, mbono ukatoka na mizizi yake. Mimi nikawa napiga kelele kama kichaa: fungeni mikono na vitambaa, ule utomvu unaunguza, msijipanguse macho! Okoteni kila tunda, msiache hata moja kwenye majani! Nilikuwa nimenyamazishwa darasani, na sasa nilikuwa nafundisha uwanjani kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kalonji alivua tai, akazoa matunda kwa mikono miwili iliyofungwa na leso. Direkta alisimama mlangoni. Hakuzuia.

Siku chache baadaye nilikutana naye njiani. Alinisimamisha, akasema kwa sauti ya chini: "Bale ba mradi balikuja na bakubwa. Ningebajibu nini?" Nikamwambia: ungewajibu kile tulichokuambia sisi. Akaondoka.

Sasa sikieni yaliyomfuata kila mmoja, ndipo mtajua kwa nini sijapoa. Shule ilipewa cheti cha usafi na mazingira, kilitundikwa ofisini. Mradi ulipiga picha zake ukaenda. Kalonji alihamishwa, akapelekwa shule ya mbali ambako alifundisha mpaka alipochoka; hakuna aliyemweleza sababu. Marufuku ya matembezi haikuondolewa. Mtu pekee aliyeadhibiwa ni yule aliyesema ukweli mapema. Msiniambie mambo hayo ni ya kawaida. Najua ni ya kawaida. Ndiyo yanayonikasirisha.

Nilikuwa nimeamua kuacha. Jumamosi iliyofuata nilibaki nyumbani makusudi, nikafagia lupango langu lililokuwa safi tayari. Nikasikia hodi. Nilipofungua, nilimkuta Mama Ntumba na Bijou, na nyuma yao akina mama kama darasa zima, wengine na watoto mgongoni, wote wamevaa viatu vya shamba.

"Masomo imekataza," nikamwambia.

"Hatukutoka ku masomo," akajibu. "Tumetoka ku nyumba. Hawa ni batoto betu. Tupeleke."

Hakuniomba radhi. Nilingojea kidogo, halafu nikaacha kungojea. Nikachukua kofia.

Tulipita tanuru za matofali, tukaingia porini. Bijou alikuwa bado mwembamba, lakini alitembea mbele. Mama yake hakutembea. Alisimama kwenye kila mmea. Alishika jani, akauliza: "Na hii?" Nikamwambia jina. Akavuka hatua mbili: "Na hii?" Hii ni mutobo, bilulu, wale viwavi wa kula, wanapanda humu. "Na hii?" Hii usiiguse kama una kidonda. Alirudia majina kwa midomo bila sauti, mwanamke anayekumbuka bei ya kila kitenge sokoni, akaweka kila jina mahali pake. Wenzake walikuwa wamekwenda mbele wakicheka na watoto, yeye hakucheka. Aliuliza kwa haraka zaidi na zaidi, kama anayekimbizwa.

Mwishowe tukafika kwenye musuku ulioangusha matunda. Nikamwonyesha kwamba masuku hayapigwi kwa fimbo. Yaliyoanguka ndiyo matamu, ya juu bado hayajawa tayari. Akaokota moja, akaligeuza mkononi. Hakulila. Alinitazama, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Kabwe. Mi nilizaliwa hapa. Mama yangu alizaliwa hapa. Nilisoma mpaka humanités, ku secondaire. Juu ya nini hakuna muntu alinifundisha?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilikuwa na majibu mengi: vitabu vya miti ya wengine, wakubwa wenye fulana, wazazi wanaoona aibu ya pori. Lakini binti yake alikuwa karibu kufa kwa mbegu iliyopandwa kumpendeza mpiga picha, na majibu yote niliyokuwa nayo yalionekana madogo mbele ya lile swali.

Nikamwambia sijui. Akalipasua lile suku kwa vidole, akampa Bijou nusu, nusu nyingine akala mwenyewe, akaendelea mbele kwenye mti uliofuata.